Kesi ya kaunti, mkono wa jimbo

Machi 2017, kaunti ya Stark huko Ohio, Marekani, iliiomba serikali ya jimbo trela la ubaridi kwa sababu mochwari yake ilikuwa imejaa. Mwaka huo Ohio nzima ilipoteza watu 4,854 kwa kuzidisha dawa. Wengi wao waliuawa na fentanili, dawa kali sana ya jamii ya afyuni inayotengenezwa maabara, lakini mawakili wa kaunti na majiji walisema mzizi ni vidonge vya kutuliza maumivu vya jamii ya afyuni, ambavyo viwanda na wasambazaji walivimwaga madukani kwa miaka mingi huku wakijua idadi yake haielezeki.

Nataka kueleza ugomvi uliofuata, maana watu wengi waliusikia kama ugomvi wa wagonjwa na makampuni ya dawa. Kulikuwa na wa pili ndani yake, nao ndio unaonigusa mimi kikazi: jimbo na kaunti zake waligombania kesi yenyewe.

Mei 2017 Mike DeWine, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Ohio, alifungua shauri dhidi ya watengenezaji wa dawa katika mahakama ya jimbo. Mwezi uliofuata jiji la Dayton likafungua lake. Kaunti za Cuyahoga, yenye jiji la Cleveland, na Summit, yenye jiji la Akron, nazo zikafungua za kwao. Mashauri ya aina hiyo kutoka nchi nzima yakakusanywa mbele ya Jaji Dan Polster wa mahakama ya shirikisho mjini Cleveland, na kufikia 2019 yalikuwa yamepita 2,000. Jaji akachagua ya Cuyahoga na Summit yasikilizwe kwanza, tarehe 21 Oktoba 2019. La jimbo lilikuwa bado linajikokota.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwanasheria Mkuu mpya, Dave Yost, aliiomba mahakama ya rufaa ya shirikisho isimamishe kesi ya kaunti mbili hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba madhara haya ni ya watu wote wa Ohio, na mwenye haki ya kuyadai kwa niaba yao ni jimbo, kama mzazi anavyowasemea wanawe. Kaunti ikidai peke yake, alisema, inachota kwenye chungu cha wote: walio wa kwanza kwenye foleni watashiba na kaunti maskini za kusini, zilizoumia vibaya zaidi, zitakuta masalia.

Mimi nimefanya kazi ya sheria za serikali za mitaa tangu nikiwa afisa sheria wa halmashauri nyumbani Tanzania, na hoja hiyo niliitambua mara moja. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, anayeishtaki halmashauri Tanzania lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ampe notisi ya siku 90. Kabla ya hapo halmashauri ilikuwa ikisimama mahakamani kwa miguu yake. Mazingira ni tofauti, kwa kuwa kwetu halmashauri ndiyo inayoshtakiwa na kule kaunti ndiyo iliyoshtaki. Lakini swali ni lile lile: mamlaka iliyo karibu na mwananchi ina sauti yake mahakamani, au inasemewa?

Kisheria, jibu la Marekani ni baya kwa majiji. Mwaka 1868 Jaji John Dillon wa Iowa aliandika kwamba mji hauna mamlaka ila yale uliyopewa na bunge la jimbo. Mwaka 1907, Pittsburgh ilipomeza mji jirani wa Allegheny ambao wakazi wake hawakutaka, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo linaweza kupanua, kupunguza au kufuta mji litakavyo. Katiba ya shirikisho haiutaji mji hata mara moja. Ohio iliyapa majiji yake kiasi cha kujitawala kwa marekebisho ya katiba ya 1912, lakini kaunti zimebaki karibu zaidi na mkono wa jimbo.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kulikosa. Ohio, kama majimbo mengi ya Marekani, humchagua Mwanasheria Mkuu kwa kura. Hateuliwi na gavana. Kwa hiyo Yost alipoinuka alikuwa na kura zake, na viongozi wa kaunti walikuwa na zao, na kila upande ulisema kwa dhati kwamba wananchi ndio waliowatuma. Hata DeWine, ambaye sasa alikuwa gavana, alipinga hadharani mpango wa Yost wa kuzinyang'anya serikali za mitaa kesi zao. Wote wawili ni wa chama kimoja cha Republican. Huu si ugomvi wa vyama.

Basi kwa nini kaunti zing'ang'anie hivyo? Kwa sababu ya tumbaku.

Novemba 1998 majimbo 46 yalisaini makubaliano na makampuni makubwa ya sigara: dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya kwanza, fidia ya gharama za kuwatibu wavutaji. Makubaliano hayakuyafunga majimbo kuzitumia kwa afya. Ohio iliunda mfuko wa kupambana na tumbaku, kisha mwaka 2008 serikali ikazichukua karibu dola milioni 230 za mfuko huo kwa mpango wa kukuza ajira. Wenye mfuko walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Ohio ikalipatia jimbo ushindi. Kila mwanasheria wa kaunti ninayemfahamu hujua hadithi hii. Jimbo lilidai kwa jina la wagonjwa, likalipwa kwa jina la wagonjwa, halafu fedha zikaingia kwenye kapu la bajeti kama kodi nyingine yoyote.

California ilikwenda tofauti, na tofauti hiyo ina sababu. San Francisco iliwashtaki watu wa tumbaku mwaka 1996, kabla ya jimbo lake. Mgao ulipofika 1998, serikali za mitaa tayari zilikuwa na mashauri mezani na hazingeyaacha bure. Zilipata nusu ya fungu la California: asilimia 45 kwa kaunti na asilimia 5 kwa majiji manne, San Francisco ikiwa mojawapo. Aliyefungua shauri mapema alikuwa na kitu cha kuuza.

Sasa nimtendee haki Yost. Hoja yake ya mgao ilikuwa na uzito, na iko nyingine nzito zaidi ambayo mawakili wa majiji huwa hawapendi kuizungumzia. Kampuni inayolipa mabilioni hainunui hukumu, inanunua amani. Ikimlipa Mwanasheria Mkuu leo na kesho wilaya ya shule au kituo cha zimamoto kikafungua shauri jipya, imelipa kwa ajili ya nini? Mashauri yakiwa 2,000 mbele ya jaji mmoja, kila mlango ulio wazi unashusha bei ya wote. Majiji pia huajiri mawakili binafsi wanaolipwa asilimia ya fidia, fedha ambazo zingekwenda kwenye tiba. Texas ililibana hilo mwaka 2019 kwa sheria inayozitaka serikali za mitaa zipate kibali cha Mwanasheria Mkuu kabla ya kusaini mkataba wa aina hiyo. Lakini majimbo yenyewe yaliwatumia mawakili wa namna hiyo hiyo dhidi ya tumbaku. Kinachokuwa halali kwa mkubwa hakiwezi kugeuka ulafi kinapofanywa na mdogo.

Zaidi ya hayo, mkono wa jimbo haudhibiti fedha tu. Unaweza kuizima kesi kabisa. New Orleans ilipowashtaki watengenezaji wa bunduki mwaka 1998, bunge la Louisiana lilipitisha sheria mwaka uliofuata kwamba ni jimbo pekee linaloweza kufungua madai hayo, na sheria ikarudi nyuma kuikuta kesi iliyokwisha kufunguliwa. Mahakama ya Juu ya Louisiana ikaibariki mwaka 2001. Atlanta ilifungua yake Februari 1999, na kabla ya wiki kwisha gavana wa Georgia alikuwa ameshasaini sheria ya kuizuia. Majimbo hayo hayakuwa na nia ya kudai yenyewe. Yalizichukua kesi ili zisiwepo. Ndiyo maana siwezi kuunga mkono kanuni ya jumla kwamba jimbo lisemee wote: hiyo hiyo inayomruhusu Mwanasheria Mkuu mwenye nia njema kugawa kwa haki humruhusu mwingine kuwafunga watu midomo.

Ombi la Yost lilikataliwa Oktoba 2019, siku chache kabla ya kesi. Asubuhi ya tarehe 21, mawakili wakiwa tayari kuanza, wasambazaji watatu wakubwa, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, walikubali kulipa dola milioni 215. Kampuni ya Teva iliongeza fedha taslimu milioni 20 na dawa za kutibu uraibu za milioni 25. Jumla milioni 260 kwa kaunti mbili.

Baada ya hapo kilichotokea Ohio ndicho ninachokiona kuwa njia sahihi, na kilitokea kwa sababu tu hakuna upande uliofaulu kuumeza mwingine. Mwaka 2020 jimbo na serikali za mitaa waliandikiana, kabla fedha kubwa hazijafika, nani atapata nini: asilimia 15 kwa jimbo, asilimia 30 kwa serikali za mitaa, na asilimia 55 kwa mfuko wa pamoja wenye wajumbe kutoka mikoa mbalimbali ya Ohio. Suluhu ya kitaifa ya dola bilioni 26 na wasambazaji hao watatu pamoja na Johnson & Johnson ilipokuja, mgao ulikuwa tayari. Suluhu hiyo pia inataka angalau asilimia 85 ya fedha itumike kupunguza janga lenyewe, sharti ambalo makubaliano ya tumbaku hayakuwa nalo.

Kaunti za Lake na Trumbull ziliendelea mahakamani dhidi ya maduka ya dawa ya CVS, Walgreens na Walmart. Zilishinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama (jury, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi) Novemba 2021, na Agosti 2022 jaji akaamuru zilipwe dola milioni 650. Fedha hizo zilisubiri rufaa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema sheria ya jimbo kuhusu madai ya bidhaa, iliyotungwa na bunge la jimbo, haikuacha nafasi kwa madai ya aina ile, yaani kwamba uuzaji wa dawa umekuwa kero kwa umma, na msingi wa hukumu ukaondoka. Fedha za Cuyahoga na Summit, walizokubaliana asubuhi ile ambayo jimbo lilitaka isifike, hazikuguswa.