Mzee hajamaliza kusema: dhana potofu kuhusu roboti za kuongea na wazee

Bibi yangu akisimulia jambo la zamani hunyamaza katikati ya sentensi. Anatafuta jina la mtu, au mwaka, au anatazama tu mlangoni kana kwamba anawaona wale anaowasimulia. Sisi wajukuu tulifunzwa mapema kwamba kimya hicho si nafasi ya kumdakia. Namkumbuka kila ninaposoma habari za roboti zinazobuniwa kuzungumza na wazee, maana mengi yanayosemwa juu yake yanaliruka jambo hilo.

"Akili mnemba sasa inaongea kama mtu, kazi imekwisha"

Kuongea ndiko kulikokuwa kwepesi. Kugumu ni kujua kama mwenzako amemaliza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mazungumzo katika lugha 10, kikiwemo Kijapani, Kidenishi na lugha moja ya wenyeji wa Namibia. Baina ya swali na jibu ulipita wastani wa takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Wajapani walikuwa wepesi kuliko wote, Wadenishi wakachelewa kidogo. Binadamu anaiweza kasi hiyo kwa sababu hangoji kimya: anasikia sauti ikishuka, anaona sentensi inaelekea wapi, anajiandaa.

Roboti nyingi hupima urefu wa kimya. Kikizidi kiasi kilichowekwa, ambacho mara nyingi hakifiki hata sekunde moja, programu inaona zamu imeisha na kuanza kujibu. Kijana huenda asigundue kitu. Mzee wa miaka 85 anayetafuta jina la jirani yake wa zamani anakatwa kalima. Anaanza upya, anakatwa tena. Mara ya tatu ananyamaza, na nyumbani watu wanasema hapendi mashine.

Kurefusha muda wa kungoja peke yake hakusaidii. Hata "ndiyo" fupi itakawia kujibiwa, na mzee atarudia akidhani hakusikika. Kinachosaidia ni roboti kusikiliza maneno yenyewe. "Nilikuwa nakwenda kwa…" haijaisha hata zikipita sekunde nne. Inasaidia pia kuitikia. Sisi mtu akisimulia tunamwitikia "enhe", "mm", "ikawaje?", naye anajua tupo naye. Na roboti ikimkatiza mzee kwa bahati mbaya, inyamaze hapo hapo badala ya kumalizia sentensi yake.

Kuna pia sauti yenyewe. Ya mzee hutetemeka, hukwama, na meno yakipungua herufi nyingine hupotea. Mfumo uliofunzwa kwa sauti za vijana unamsikia vibaya kuliko unavyomsikia mjukuu wake. Kwetu hili ni jambo la kufanyia kazi sasa: mradi wa Common Voice wa shirika la programu la Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea. Ikiwa siku moja tutataka roboti itakayomwelewa bibi wa Pemba au mzee wa Lamu, sauti za wazee hao hazina budi kuwemo.

"Ipaze sauti, iongee kama na mtoto"

Usikivu wa uzeeni huanza kupungua kwenye sauti nyembamba, zile za s na f. Ndiyo maana mzee husema "nasikia mnaongea ila sielewi mnasema nini". Sauti nyembamba ya kitoto inayopigwa makelele humtesa bure. Nzito kidogo, yenye matamshi wazi, tena redio ikiwa imezimwa, humfikia vizuri zaidi.

Kuhusu kumdekeza kwa maneno ya kitoto, utafiti mwingine wa mwaka 2009, uliofanywa Marekani katika nyumba za wazee, ulionyesha kwamba wenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, walipoongeleshwa hivyo na wahudumu waliikataa huduma zaidi kuliko walipoongeleshwa kama watu wazima. Kumbukumbu inaweza kuondoka na heshima ya mtu ikabaki palepale.

Hapa nawapenda Wakorea Kusini waliobuni Hyodol. Ni mwanasesere anayeongea, hukumbusha dawa, na hupewa wazee wanaoishi peke yao. Amepewa nafasi ya mjukuu, kwa hiyo mzee ndiye mkubwa katika mazungumzo. Jina lenyewe limebeba neno "hyo", ile heshima ya mtoto kwa wazazi. Roboti ya Kiswahili ingepaswa kuanza na shikamoo, kisha ingoje marahaba. Isipongoja, imeshaharibu.

"Lazima ifanane na mtu"

Paro ni roboti ya umbo la sili mdogo, yule mnyama wa baharini, mwenye manyoya meupe na uzito wa kilo 2.7. Mhandisi Takanori Shibata alianza kumtengeneza Japani mwaka 1993. Akauzwa huko mwaka 2005, na mwaka 2009 akaidhinishwa Marekani kama kifaa cha tiba. Haongei neno hata moja. Sili alichaguliwa kwa sababu paka na mbwa tunawajua mno, na wa bandia tunamkosoa mara moja.

Australia walimjaribu kwa wazee 415 wenye demensia katika nyumba 28 za wazee. Kundi moja lilipewa Paro, jingine Paro yuleyule akiwa amezimwa, la tatu likaendelea na huduma ya kawaida. Waliopewa aliyewashwa walimwongelesha na kumtazama zaidi kuliko waliopewa aliyezimwa. Lakini hata aliyezimwa aliwachangamsha wazee kuliko huduma ya kawaida. Mimi naona matokeo hayo yanasema mengi kuhusu upweke wa hiyo huduma ya kawaida.

ElliQ, iliyobuniwa na kampuni ya Intuition Robotics ya Israeli, ni kama taa ya mezani yenye skrini pembeni, haina uso. Uhodari wake ni kwamba huanzisha mazungumzo yenyewe. Mwaka 2022 ofisi ya wazee ya jimbo la New York ilitangaza mpango wa kuzigawa kwa wazee zaidi ya 800, kwa hiyo ule usemi kwamba wazee hawataki vitu vipya nao haujakaa sawa.

"Itapunguza wahudumu"

Mtafiti James Wright alifuatilia kwa karibu roboti katika nyumba ya wazee nchini Japani, ikiwemo Pepper, ile yenye umbo la mtu iliyozinduliwa mwaka 2014. Pepper alipoongoza mazoezi, mhudumu alilazimika kusimama kando yake akirudia maelekezo na kuonyesha viungo vinavyosogezwa vipi. Roboti pia huchajiwa, husafishwa, hubebwa na kulindwa. Anayefanya yote hayo ni mhudumu yuleyule aliyekuwa na haraka tangu asubuhi.

"Mzee anajua ni mashine, hakuna madhara"

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alichapisha ELIZA, programu sahili iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Alijua kabisa ni programu. Mtu akisikilizwa hufunguka, hata msikilizaji akiwa mashine. Kwa hiyo familia iulize mapema: maikrofoni iliyopo chumbani kwa mama inapeleka wapi maneno yake, na nani anaweza kuyasikia? Mgeni anayekuja kumjulia hali naye aambiwe kwamba ipo.

Kwa mwenye demensia mambo ni magumu zaidi. Mbunifu anaweza kuiwekea roboti sentensi ya kujitambulisha kuwa ni mashine, ikatamkwa siku ya kwanza. Kesho yake mzee hataikumbuka siku ya kwanza. Atauliza tena, "Wewe ni mtoto wa nani?", na jibu la kweli linatakiwa liwe tayari kila anapouliza, kwa upole uleule.