Garam masala na neno "moto" tulilolipoteza njiani

Juzi sokoni Kisutu, Dar es Salaam, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akinunua viungo. Muuzaji alipomwekea kifuko cha garam masala, mama akakirudisha juu ya meza: "Hii toa kaka, wanangu hawali pilipili." Kaka akakitoa bila neno. Mama akalipia pakiti la masala ya kuku na mengineyo, akaenda zake. Wiki hiyohiyo nikamsikia mpishi wa mtandaoni akieleza, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba garam masala ni "viungo vikali". Nimelisikia hili miaka mingi nikanyamaza. Safari hii limenishinda.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Masala ni viungo vilivyochanganywa. Garam ni moto. Ile ya kaskazini ya India kwa kawaida ina iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na jira (Zanzibar watakuambia uzile), na wengine huongeza kungumanga au basibasi. Vinakaushwa kidogo kwenye kikaango kisicho na mafuta, vinasagwa. Kila nyumba ina vipimo vyake na kila nyumba inaamini vya jirani vimekosewa. Hutiwa mwishoni, chakula kikiwa karibu kuepuliwa, maana harufu yake haistahimili kuchemka muda mrefu.

Basi, hayo yamekwisha. Kinachonikera ni hilo neno moto.

Sisi kwa Kiswahili tunajua kutofautisha moto na kali. Chai ya moto inaunguza. Pilipili kali inawasha, hata ukiitoa kwenye friji. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganya hayo mawili. Kihindi nacho kinatofautisha vilevile: kilichopashwa ni garam, kinachowasha ni tikha. Mhindi akinywa maji haraka haraka kwa sababu ya mchuzi, atalalamika kuwa ni tikha. Asiyetofautisha ni Mwingereza, ambaye neno lake moja, hot, linabeba uji uliotoka jikoni sasa hivi na pilipili kichaa pia. Sasa tazama mkasa: neno limetoka Delhi na maana ileile tuliyo nayo sisi, likapitia London, likaandikwa kwenye pakiti kwa Kiingereza, nasi tukalitafsiri kutoka huko. Likatufikia limegeuka "kali". Tungeliuliza moja kwa moja kwa wenyewe tusingekosea.

Na moto wenyewe si wa jiko. Garam ni neno la Kiajemi, garm, na katika mapishi linasema habari za mwili wa mlaji. Katika tiba iitwayo Unani, ambayo jina lake ni Yunani tu, yaani elimu ya kina Galen, tabibu wa Kiyunani wa kale, iliyopita kwa waganga wa Kiislamu kama Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037) ikafika India, kila chakula kina tabia yake. Kipo cha moto na cha baridi, kikavu na chenye umajimaji. Ayurveda, tiba ya Wahindi wenyewe, nayo ina mgawanyo wake wa vyakula vya moto na vya baridi. Karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki nyeusi vinahesabiwa kuwa vya moto: vinatia mwili joto, vinasaidia tumbo kusaga. Tango na tikiti ni baridi. Asubuhi ya Januari kule Punjab, ukungu umetanda na watu wamejifunika mablanketi barabarani, utaelewa kwa nini mtu alitaka chakula chake kiwe na viungo vya moto.

Sisemi kwamba daktari wa leo ataafiki hesabu hizo. Nasema neno lilizaliwa humo.

Halafu tusijifanye wageni. Bibi zetu wa pwani walikuwa na hesabu hiyohiyo. Mzazi aliyetoka kujifungua anapewa uji wa pilipili manga, na ukiuliza kwa nini, jibu ni kuwa mwili wake una baridi, unahitaji kupashwa. Punjab mzazi hulishwa panjiri, mchanganyiko wa unga, samli, lozi na tangawizi kavu, kwa sababu ya namna hiyohiyo. Na ule ugonjwa wa maungo tunaouita baridi yabisi? Yabisi ni kavu. Baridi na ukavu: hiyo ni lugha ya Galen tupu, na tunaitamka kila siku bila kuisikia.

Kuhusu kali: pilipili zinazowasha, kuanzia mbuzi hadi kichaa, asili yake ni bara la Amerika, na waliozieneza upande wetu wa bahari ni Wareno, baada ya Vasco da Gama kufika India mwaka 1498. Kabla ya hapo mpishi wa India alipata muwasho wake kwenye pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi. Hiyo pilipili ndefu kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni pippali, na ndilo jina lililosafiri likawa filfil kwa Waarabu na pilipili kwetu. (Manga ni Uarabuni. Tuliipa pilipili ya Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, jina la waliotuletea.) Ni kweli pilipili manga inawasha kidogo, lakini katika garam masala haikuwekwa ili mtu atokwe na jasho. Inakaa na wenzake.

Niligusie na hilo neno la pili, kwa kuwa linanifurahisha kuliko linavyoniudhi. Masala kwa Kihindi na Kiurdu limetoka Kiarabu kupitia Kiajemi: masalih, wingi wa maslaha, jambo lenye kufaa. Ndiyo, ni maslahi yaleyale ambayo walimu wanayadai kila mwaka. Shina lake ndilo lililotupa suluhu na usuluhishi. Njiani, maana ikahama kutoka "mambo yafaayo" hadi "vitu vifaavyo kwa kazi fulani", na ndiyo maana huko India fundi mwashi naye ana masala yake: chokaa au saruji iliyochanganywa na mchanga. Kwa Kiurdu wapo wanaoliandika mpaka leo kwa swadi na ha, Kiarabu chake kikionekana wazi. Sisi tulilichukua neno hilo mara mbili, mara ya kwanza likaingia ofisini, mara ya pili jikoni, na ndugu hao wawili hawajawahi kutambulishwa.

Ukilijua hilo, utasita kidogo kabla ya kusema "masala ya viungo". Kiungo ni cha kuungia, kama tunavyounga mboga. Masala ni hivyohivyo kwa lugha nyingine. Lakini hili silikemei; hata nyumbani kwangu linasemwa, na aliyelisema ndiye aliyekuwa ameshika mwiko.

Sasa mama wa Kisutu. Garam masala uliyoirudisha ungeweza kuwapa wanao bila shida: nusu kijiko cha chai kwenye sufuria ya dengu ukishaepua, funika dakika chache, kisha pakua. Hawatatafuta maji. Ziko chache za pakiti ambazo watengenezaji wametia pilipili ndani, basi soma nyuma kwanza au mwombe kaka akusagie mbele yako. Na ukishazoea kusoma nyuma, ligeuze na lile pakiti la masala ya kuku uliloondoka nalo. Pilipili humo ni kawaida, na mara nyingi imetajwa miongoni mwa vya mwanzo.