Ugali wa mahindi si chakula cha kale cha kusini mwa Afrika

Kila tarehe 24 Septemba, Afrika Kusini inapoadhimisha Siku ya Urithi, ugali mweupe wa mahindi huandaliwa kama chakula cha mababu tangu enzi na enzi. Imani hiyo imeenea hadi nchi jirani, lakini si sahihi.

Asili ya mahindi ni Mexico. Yalifika Afrika baada ya safari za Columbus, Wareno wakiwa miongoni mwa walioyaleta, na huko kusini yalitawala meza katika karne ya 20 tu. Wakulima walikuwa na sababu nzuri ya kuyapenda: maganda ya hindi huzuia ndege, ilhali shamba la mtama huhitaji mtu wa kuwinga kutwa. Kisha migodi ikawalisha vibarua unga wa mahindi.

Kabla ya hapo, nafaka za eneo hili zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Waakiolojia wamekuta mabaki ya mtama Mapungubwe, ufalme uliostawi karne ya 13.

Vyakula hivyo havijafa, na ndivyo ningependa vitangulizwe siku hiyo, bila kuyafukuza mahindi. Watswana hukoroga unga wa mtama kwa maji ya vuguvugu, huufunika siku moja au mbili mpaka uchachuke, ndipo husonga ting, ugali wenye uchachu mtamu sana kwa nyama. Kaskazini mwa Namibia, ugali wa kila siku bado ni wa uwele. Zimbabwe nako sadza (ugali wa huko) ya ulezi, ya rangi ya hudhurungi, huliwa kwa mboga za majani zilizoungwa kwa karanga.