Litiri 16 unaonaka mu bidoni, ndama hairithi zote

Huku Goma kila mutu mwenye ngombe mbili tatu kule Masisi atakuambia: tafuta ndama ya ile ngombe inatoa maziwa mingi, utauza fromaji mpaka uchoke. Hiyo ni ukweli nusu, na nusu yenye inabakia inakulaka watu franga.

Tuseme ngombe yako inatoa litiri 16 kwa siku, na zingine zenye munalisha pamoja, umri moja, zinatoa 10. Imepita wenzake kwa 6, sawa. Lakini kwa maziwa, tofauti kati ya ngombe za kundi moja inatoka mu damu, ni kusema urithi wa ukoo, karibu 30% tu, ile ingine yote ni majani, maji, magonjwa, mikono ya mwenye anakamua. Kwa hiyo mu zile 6, damu ni kama 1,8, na tena mama anampa ndama nusu tu, inabakia 0,9. Hata litiri moja haifiki! Na ile ya jirani yenye inakulaka machicha ya bia kila asubuhi, tafazali usiilinganishe na ya mulimani yenye inakula majani tu, hapo unapima chakula, haupimi ngombe.

Bengine banasema dume ni kuangalia shingo na mugongo. Apana. Dume haikamuliwi, inajulikana kwa mabinti zake, na mabinti 5 hawatoshi kabisa, uhakika haufiki hata 30%, wakiwa 50 mu mafermi tofauti njo unafika karibu 80%. Lakini paka uongoje mabinti wazaliwe, wakue, wazae, wakamuliwe, ni miaka mingi, njo maana Marekani tangu 2009 wanasomaka ADN, ile alama ya urithi ndani ya mwili, ya ndama za Holstein na Jersey (aina za ngombe za maziwa) mapema, ingawa bado wanahitaji vipimo vya ngombe zenye zinakamuliwa.

Mbegu ya dume ya Ulaya yenye namba kubwa, ile alama banaipatia kufuata maziwa ya mabinti zake, nayo, watu banazania itakuwa ya kwanza popote. Ile namba ilipimwa kule, kwa nafaka nyingi, ikilinganishwa na ngombe za kule. Huku mabinti wanaweza kupangana ingine namna.

Na ngombe ikikataa kushika mimba, usiseme haraka ni ukoo mubaya, kwa uzazi damu haifiki hata 10%, angalia kwanza chakula na saa yenye uliipandisha.

Kinachoniuma ni kwamba huku kwetu hata baba ya ndama hatumuandikake mu kaye, na ndama yenye baba hajulikani, hesabu ya upande wa baba haiwezi kuifikia.