“Written off” kwenye barua ya mkopo haina maana ya msamaha

Malalamiko kuhusu urejeshaji wa mikopo yameongezeka, na sehemu yake kubwa inatokana na maneno mawili ya Kiingereza yanayoonekana katika barua za benki na taarifa za wakopaji: “written off”. Mteja akiyasoma huamini kwamba deni limefutwa, huacha kulipa, kisha hushangaa anapofikiwa na wakusanya madeni. Tunaamini kwamba wengi hawana nia ya kukwepa wajibu wao, lakini imani hiyo si sahihi na inawagharimu.

Kitenzi “write” ni kuandika. Kikiungwa na “off” hupata maana zinazotegemea anayezungumza. Kampuni ya bima ikisema gari ni “write-off”, ina maana kwamba gharama ya kulitengeneza haina tija ikilinganishwa na thamani yake. Mwalimu aliyem-“write off” mwanafunzi amemkatia tamaa. Kisarufi, kiwakilishi hukaa katikati, kwa hiyo husemwa “they wrote it off”, na kamwe si “they wrote off it”.

Katika benki maana ni mahususi. Mkopo ambao haujalipwa kwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, benki hutenga fedha za kufidia hasara inayotarajiwa, na matumaini ya kuupata yakififia, wenye mamlaka ndani ya benki huidhinisha uondolewe kwenye hesabu ya mali zake. Huo ni uamuzi wa kihasibu unaohusu vitabu vya benki. Mkataba wako haujaguswa. Tuseme ulibakiza shilingi 3,200,000. Baada ya uamuzi huo vitabu vya benki vitaonyesha kwamba mkopo huo si mali tena, ilhali wewe bado unadaiwa 3,200,000 pamoja na riba kwa kadiri mkataba unavyoruhusu. Ukilipa 200,000 kesho, benki itaziandika kuwa fedha zilizorejeshwa kutokana na mikopo iliyokwisha kuondolewa vitabuni, nawe utabaki na deni la 3,000,000, bila kuhesabu riba.

Msamaha una maneno yake. “Waive” hutumika zaidi kwa riba ya adhabu au tozo, na barua isemayo “penalty interest waived” haijasamehe mtaji, yaani kiasi ulichokopa, hata shilingi moja. “Discharge” huhusu kuachiliwa kwa dhamana au kwa mdaiwa. Hatuwezi kukubali hoja kwamba ofisa fulani alisema kwa simu kuwa deni limekwisha: msamaha wa deni hutolewa kwa maandishi, ukitaja kiasi kilichosamehewa, na kusainiwa na mwenye mamlaka.

Dhamana nayo hubaki mikononi mwa mkopeshaji. Kwa nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Sura ya 113, inataka mdaiwa apewe notisi ya siku 60 kabla ya hatua za kuuza, na mnada wa ardhi unahitaji tangazo la umma la angalau siku 14, kwa Kiswahili na Kiingereza. Notisi hizo hazikomi kwa sababu mkopo umeondolewa vitabuni, na kuikataa barua mlangoni si kinga. Mdhamini aliyesaini naye hajaachiliwa. Wapo wanaosubiri muda upite: kwa kawaida madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini kukiri deni kwa maandishi au kulipa sehemu yake huweza kuanzisha hesabu ya muda upya. Kila shauri lina mazingira yake, na ushauri wa wakili ni muhimu.

Taarifa kwamba mkopo wako umeondolewa vitabuni pia husomwa na wakopeshaji wengine kupitia taasisi za taarifa za wakopaji, zinazofanya kazi chini ya kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012. Ukipokea barua yenye maneno hayo, iandikie benki ikueleze mtaji uliobaki, riba na tozo, kila kimoja peke yake, kisha omba mpango wa malipo unaoumudu. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, hati ya dhamana yako, na marekebisho ya taarifa zako. Benki isipokujibu, peleka nakala za barua zako na stakabadhi za malipo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.