“Ipigwe Windows Upya”: Tunayoambiwa Kompyuta Inapokuwa Nzito

Nyumba nyingi za mjini zina laptopu moja ya ukoo. Ilifika ikiwa mtumba, tuseme HP EliteBook au Dell Latitude iliyomaliza miaka yake ofisini huko Ulaya, ikapitia Dubai, ikaishia kwenye kabati la kioo Kariakoo. Leo mama anaandikia hesabu za kikoba, mtoto anachapia kazi ya shule, na jioni inaonyesha mpira. Ukiiwasha asubuhi unaweza kubandika chai, ikachemka, ukanywa, na ukirudi kile kiduara bado kinazunguka.

Hapo kila mtu hugeuka fundi. Mimi huletewa mashine za namna hii na ndugu na majirani, na nyingi hunifikia zikiwa zimeshatibiwa: zimefutwa hiki, zimewekewa kile, na bado zinakokota miguu. Waliozitibu si waongo. Dawa nyingi zina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotupoteza.

“Imezeeka, imechoka tu”

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haichoki. Iliyopiga mizunguko bilioni 2.5 kwa sekunde mwaka 2014 inaipiga hiyo hiyo leo. Kilichoongezeka ni mzigo. Kurasa za intaneti siku hizi zinabeba video, matangazo na mahesabu ambayo zamani hazikuwa nayo, na kila programu unayoiweka inataka kuamka pamoja na Windows hata kama utaihitaji mara moja kwa mwezi. Vinavyochakaa kweli ni vichache, kama diski ya sahani (ghala la faili la aina ya zamani), feni, betri, na ule uji wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipooza.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, iulize mashine inasubiri nini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager lenye asilimia za CPU (prosesa), Memory (RAM, kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi) na Disk (diski, ghala la faili). Liache dakika mbili huku mashine ikihangaika, kisha tazama safu ipi imegota juu. Kamba hukatikia pembamba. Kwenye laptopu za mtumba ninazoletewa, mara nyingi CPU imetulia kwenye asilimia 10 huku Disk ikiwa 100.

“Ongeza RAM, kazi imekwisha”

Huu ndio ushauri unaokula hela nyingi, na ndio ninaotaka kukaa nao kidogo.

Kabla ya RAM tuitazame diski. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani inayozunguka na mkono unaosoma, mfano wa santuri. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Mkono ukitafuta faili, sharti kwanza usogee hadi mahali pake, kisha ungoje sahani ilete kipande hicho chini yake. Jumlisha mwendo na kungoja: kama vipande vimetawanyika, havipatikani hata vipande mia kwa sekunde moja. Na Windows inapoamka haiombi mia, inaomba maelfu, vidogo vidogo, huku kinga ya virusi ikitaka kukagua kila kimoja na masasisho yakipakuliwa kwa nyuma. Wote wamepanga foleni mbele ya mkono mmoja.

SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu. Vipande vilivyotawanyika inavileta kwa maelfu kila sekunde. Hata kwa faili moja kubwa, SSD ya kawaida ya SATA (aina ya zamani ya kuunganisha diski) husoma takribani megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali sahani ya laptopu huwa kwenye 100 hivi, na hupungua kadiri inavyojaa. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka, ikiwekewa SSD, ikabaki na prosesa ile ile na RAM ile ile, huanza kuwaka kwa sekunde chache. Nimeona watu wakidhani nimewabadilishia kompyuta.

Sasa RAM. Kama una GB 4, kuiongeza hadi 8 kutaisaidia kweli, kwa sababu RAM ikijaa Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski na kuirudisha. Diski yenyewe ikiwa ya sahani, basi umeongeza foleni juu ya foleni. Lakini mwenye GB 8 tayari, anayeandika barua na kufungua kurasa tano, akienda GB 16 hataona tofauti yoyote zaidi ya risiti. Na kuna mtego ambao bado naukuta: Windows ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiipa 16, na hata hizo 4 haizipati zote. Bofya kulia kwenye This PC, chagua Properties, usome. Ikisema 32-bit, RAM mpya uliyonunua inakaa bure.

Tahadhari mbili za dukani. Nafasi za SSD ziko za aina tofauti: kuna umbo la inchi 2.5 linaloingia palipokuwa na diski ya zamani, na kuna kile kijiti chembamba cha M.2, ambacho nacho kimegawanyika katika SATA na NVMe, muunganisho mpya zaidi. Kwa macho vinafanana sana, lakini mashine nyingi za zamani hazikubali NVMe. Peleka laptopu yenyewe dukani, usipeleke maelezo. Ya pili, ukiona diski ya nje iliyoandikwa TB 16 kwa bei ya sahani mbili za pilau, iache. Hizo zimechezewa zionyeshe ukubwa wa uongo. Ukijaza kilichomo kweli, faili zinazofuata zinapotea.

“Ipigwe Windows upya”

Fundi akishasema hivi, yaani Windows ifutwe na iwekwe nyingine, mteja hutulia kama mgonjwa aliyeandikiwa sindano. Na kweli, mashine huwa nyepesi kwa wiki kadhaa. Imepona nini? Imeondolewa msururu wa programu zinazoamka na Windows. Unaweza kuuondoa mwenyewe kwa dakika tano: rudi Task Manager, ingia sehemu ya Startup, zima usizohitaji. Kuzizima huku hakuzifuti, zitafunguka ukizihitaji.

Kupigwa Windows kuna gharama isiyotajwa. Picha za harusi zilizokuwa kwenye Desktop zinakwenda. Dereva (programu zinazoendesha vifaa) za kadi ya Wi-Fi au ya picha wakati mwingine hazirudishwi sawasawa, mashine ikabaki inahangaika na skrini yake yenyewe. Na baya kuliko yote, nakala nyingi zinazopigwa mitaani zinafunguliwa kwa programu za kuvunja leseni, zile zinazokutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Ukimwambia mlinzi akalale ndipo mgeni aingie, usishangae asubuhi. Nyingine huja na programu inayochimba sarafu za kidijitali kimyakimya, na hapo CPU ndiyo itakayogota 100.

Ikibidi kuanza upya, Windows 10 na 11 zina njia yao ndani ya Settings, inayoitwa Reset this PC, na unaweza kuchagua ibakize faili zako. Zinakili pembeni hata hivyo.

“Ni virusi hao”

Inawezekana. Lakini mara nyingi ninachokikuta ni walinzi wawili wanaogombana: kinga mbili za virusi kwenye mashine moja, kila moja ikikagua faili ileile, wakati mwingine zikishukiana. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows inakuja na kinga yake. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha. Chagua moja, nyingine iondoe kabisa.

Vidawa vya mezani

Hivi nitavipitia mbiombio. Kubofya Refresh mara kumi hakusafishi RAM. Kunachora upya picha ndogo za kwenye skrini, basi. (Najua wazee wa kazi wanaofanya hivyo kabla ya kufungua Word, kama kupuliza chai iliyokwisha poa. Mmoja wao ni mimi.) Programu za “kusafisha RAM” huitoa kwenye RAM mizigo ambayo Windows itairudisha muda huohuo, safari hii kwa kusubiri diski. Programu za kusafisha rejista (daftari la mipangilio ya Windows) hazikupi kasi unayoweza kuiona, na Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi yake. Folda ya Prefetch, ambayo video nyingi zinakuelekeza uifute, imekuwepo tangu Windows XP ya 2001 na kazi yake ni kukumbuka nini hufunguliwa kwanza ili mashine iwahi. Ukiifuta unaisahaulisha, inaanza kujifunza upya. Kile kisanduku cha idadi ya prosesa ndani ya msconfig (dirisha la mipangilio ya kuwaka kwa Windows), ambacho watu hukijaza wakitafuta kasi, kimewekwa ili kupunguza idadi hiyo mtu anapofanya majaribio. Windows hutumia prosesa zote bila kuambiwa. Kupanga diski, yaani kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika, kulikuwa na maana enzi za sahani, na Windows hufanya kazi hiyo yenyewe kwa ratiba. SSD usiipange kwa programu ya pembeni: unaichakaza bure.

Kufuta picha nako kuna mpaka wake. Sehemu ya C, panapokaa Windows, ikibakiwa na nafasi kiduchu kabisa, Windows hukosa pa kugeukia na kila kitu hukwama, hivyo punguza. Lakini kutoka diski iliyojaa nusu kushuka robo hakubadilishi chochote.

“Naizima kila usiku, haina uchovu”

Tangu Windows 8, mashine nyingi zina kitu kiitwacho Fast Startup. Ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa, ila moyo wa Windows unaandikwa kwenye diski ili asubuhi urudishwe ulivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Anayezima kila usiku anaweza kukuta Task Manager inasema mashine iko macho siku 19. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Kwa hiyo kama inaganda, bofya Restart, usibofye Shut down kisha kitufe.

“Hii ni i7, haiwezi kuwa nzito”

Wauzaji wanalijua neno hili na wanunuzi wanalipenda. Lakini i7, jina la prosesa za Intel, ni cheo ndani ya kizazi chake. Intel Core i7-2620M ya mwaka 2011 ina viini (vitengo vya kufanyia kazi) viwili. Core i3-1215U ya mwaka 2022 ina sita. Baada ya kistari, tarakimu za mbele hutaja kizazi: 2620 ni cha pili, 8250 ni cha nane, 1215 ni cha kumi na mbili. Soma tarakimu kwanza, cheo baadaye.

“Feni ikipiga kelele ndiyo inafanya kazi vizuri”

Feni inapiga kelele kwa sababu kuna joto la kuondoa, na mara nyingi ni kwa kuwa hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na wewe unaona imekuwa nzito kila ifikapo saa saba mchana. Anayeishi kando ya barabara ya vumbi afungue na kupuliza angalau mara moja kwa mwaka, na uji wa prosesa ubadilishwe kama haujaguswa tangu ilipotoka Ulaya. Godoro nalo linaziba matundu ya chini. Hata kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kukitandika juu ya kila chombo kiondolewe kabla ya kuwasha.

Sasa nisimulie moja iliyonisumbua. Laptopu ya shemeji yangu: SSD mpya, RAM GB 8, feni safi, na bado inatambaa. CPU iko 100 lakini kasi yake inasomeka GHz 0.79, wakati ilipaswa kuzidi 2. Nilihangaika nayo siku mbili. Nilipochomoa chaji, ikakimbia. Baadhi ya laptopu hukagua chaji iliyochomekwa, na zisipoitambua hujishusha kasi, nyingine hukataa hata kuchaji betri. Ile ilikuwa chaji ya kuiga, ya bei ya njia panda. Tuliponunua inayostahili, mambo yakaisha.

“Windows 10 imekufa, itupe”

Msaada wa bure wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inaendelea kuwaka, ila bila masasisho ya usalama si mahali pa kufanyia mambo ya benki. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo i5 nyingi nzuri za mtumba zimeachwa nje ya mlango zikiwa na nguvu zao.

Kwa hizo mimi huweka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Haina bei, haihitaji kuvunjiwa leseni, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote kwenye diski. Kivinjari kipo, LibreOffice (ya kuandikia nyaraka, mfano wa Word) ipo, video zinacheza. Mwenye programu ya hesabu ya biashara iliyotengenezwa kwa Windows pekee asikimbilie, na nyaraka za Word zenye majedwali mengi huweza kufunguka zimepinda kidogo.

Zipo zisizookoka. Nina kilaptopu kidogo chenye prosesa dhaifu ya Atom na RAM ya GB 1. Ukurasa mmoja wa habari unakielemea. Nimekiunganisha na spika sebuleni, kinapiga taarabu kutoka kwenye flashi kuanzia alasiri hadi usiku, na kazi hiyo hakijawahi kuganda.