Sarafu ya kumbukumbu ni nini? Tuitazame ya Apollo 11

Sarafu ya kumbukumbu ni pesa halali inayotolewa na nchi ili kuadhimisha tukio au mtu. Ina thamani iliyochapwa juu yake na serikali inaitambua, ila mara nyingi haitengenezwi kwa ajili ya kulipia nauli au kununulia sukari. Nasema mara nyingi kwa sababu zipo zilizozunguka mitaani. Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru mwaka 2003 ilitoa shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, na watu waliipokea kama chenji. Ninayotaka kuieleza hapa ni ile inayowalenga wakusanyaji tangu siku ya kwanza, na sijaona mfano mzuri kuliko sarafu ya Marekani ya miaka 50 ya Apollo 11, safari ya kwanza kuwafikisha watu Mwezini.

Bunge la Marekani liliipitishia sheria mwaka 2016, na mauzo yakaanza Januari 2019. Ilitoka katika namna nne: dola 5 ya dhahabu, dola 1 ya fedha, nusu dola ya shaba na nikeli, na dola 1 nyingine ya fedha, kubwa mno, yenye uzito wa aunsi 5 na upana wa karibu sentimita 7.6. Hiyo inajaa kiganja.

Ukiishika yoyote kati ya hizo, kidole kinatambua kitu kabla ya jicho: haiko bapa. Upande wa mbele umebonyea kama kisahani, wa nyuma umebinuka. Kwenye ule uliobonyea kuna unyayo wa buti kwenye vumbi la Mwezi, kazi ya msanii Gary Cooper. Unyayo wenyewe ni shimo, kwa hiyo umekaa mahali pake hasa. Pembeni yameandikwa majina ya mipango mitatu ya Marekani ya kupeleka watu angani, Mercury, Gemini na Apollo, na kati yake zimechorwa sura za mwezi unavyokua na kupungua. Napenda sana kwamba Apollo haikuachwa peke yake, maana safari zilizotangulia ndizo zilizowafundisha wanaanga kukaa angani, kutoka nje ya chombo na kuunganisha vyombo viwili vikiwa mwendoni.

Geuza. Upande wa nyuma ni kioo cha kofia ya mwanaanga Buzz Aldrin, kutoka kwenye ile picha mashuhuri aliyopigwa Mwezini na mwenzake Neil Armstrong tarehe 20 Julai 1969. Kofia imefifishwa, kioo kimeng'arishwa, na ndani ya kioo wanaonekana Armstrong mwenyewe, bendera na chombo cha kutulia Mwezini. Sasa mbinuko unaeleweka: kioo cha kofia ya mwanaanga ndivyo kilivyo. Ukiisogeza chini ya taa, mwanga unateleza juu ya kioo na kuiruka kofia.

Linalowachanganya wengi ni bei. Dola 5 ya dhahabu ina uzito wa gramu 8.359, asilimia 90 yake dhahabu, kwa hiyo madini peke yake yanaipita mbali dola 5. Hakuna mwenye akili timamu atakayeipeleka dukani kununulia mkate, ingawa sheria inamruhusu. Tarakimu iliyochapwa inaifanya iwe pesa. Bei inatokana na madini, gharama ya kuitengeneza, na idadi yake. Sheria iliweka kikomo: za dhahabu zisizidi 50,000, nusu dola zisizidi 750,000.

Juu ya hapo kuna mchango. Kila ya dhahabu iliongezewa dola 35, na kila nusu dola iliongezewa dola 5. Nusu ya mchango huo ilipangiwa maonyesho ya safari za Mwezini katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Anga la Smithsonian, na iliyobaki ikagawiwa sawa kati ya taasisi mbili, moja inayowaenzi wanaanga waliofariki kazini na nyingine inayosomesha wanafunzi wa sayansi.

Watu pia huchanganya sarafu na medali. Tangu Apollo 7, wanaanga walibeba medali ndogo zinazoitwa Robbins, kwa jina la kampuni iliyozitengeneza, na zile za fedha za Apollo 11 zilisafiri pamoja nao na kurudi. Mkusanyaji huzilipia pesa nyingi, lakini si sarafu: hazina thamani ya pesa juu yake. Vivyo hivyo na vile vipande vya rangi ya dhahabu vyenye picha ya mwanaanga vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya chee. Kabla hujalipa, tafuta jina la nchi na tarakimu ya thamani; na kama unaambiwa ni ile ya Marekani ya 2019, ilaze mezani uangalie kama imebinuka.